Saa ya kwanza nyuma ya posti: tuchunge ngozi, tuchunge na kichwa



Ile asubui tulikuwa mu basi ya posti ya usiku, tunarudi mujini. Mwenzetu mumoja alianza kumuchekesha jirani yake juu ya mikono. Alimuambia: "Wewe, shemeji yetu anakubali umuguse na hii musasa?" Wote tulicheka. Kisha kila mutu akaanza kuangalia mikono yake, na wengine wakaonyesha. Mikono ya mutu wa usini ilikuwa imepasuka ku viungo vya vidole, weupeweupe kama udongo wa kiangazi. Ya mekanisie ilikuwa nyeusi mu kila mustari, na ilinuka mazutu. Kijana mumoja ambaye hata miezi sita hakuwa ameisha kufanya alikuwa na vipele kuzunguka mukono, pale gants inapoishia. Na nyuma kabisa ya basi kulikuwa ndugu mumoja ambaye alikatala kutoa mikono mu mifuko. Tulimuita mara mbili. Alijifanya amelala.

Tunaandika hii habari juu ya yule ndugu, na juu yetu sisi wote. Mu sindika tumezoea kuzungumza juu ya mushahara, prime, kontra na basi. Ngozi hatuizungumzii. Tunasema ni mambo ya wanawake na ya wale wenye kuwa na wakati. Kichwa hatuizungumzii hata kidogo, juu ukisema kichwa yako inachoka, kesho watakuita mwenda-wazimu.

Miezi miwili nyuma ya ile basi, yule ndugu alitufuata yeye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kujaza mifuko ya idroksidi ya kobalti, ile unga inatoka ku mwisho wa usini. Alianza kusikia kuwashwa katikati ya vidole, tena ku kiungo cha mukono. Aliogopa kuenda ku dispanseri ya kompani, kwa sababu alikuwa wa sous-traitance, na mutu wa sous-traitance akionekana mugonjwa, kontra haiendelei. Bibi yake alikuwa na krema ya kung'arisha ngozi. Akapaka. Mu siku tatu kuwashwa kulinyamaza, akafurahi sana. Akaendelea kupaka kila siku, miezi na miezi. Sasa ngozi ya mikono ikawa kama karatasi ya sigara: ukigonga kidogo ku chuma, inapasuka. Siku akiacha krema, moto unarudia mara mbili. Usiku wa mapumziko anajikuna mpaka damu, bibi anaamuka, watoto wanaamuka. Usingizi ukakimbia. Juu ya kutafuta usingizi akaingia mu lutuku. Juu ya lutuku hasira ikaingia mu nyumba. Na usiku moja ku kazi, juu ya ngazi ya chuma, macho yalifunga yenyewe. Alishika chuma ya pembeni, paka hivyo hakuanguka.

Angalieni vile ile kamba inaenda: kutoka kidole mpaka ngazi. Ilianza na kipele kidogo. Ndiyo maana tunasema ngozi na kichwa si mambo mawili. Mutu akiwa na mashaka, kuwashwa kunazidi. Waganga wa ngozi wanajua hii sana. Mutu akiwashwa, halali. Asipolala, mashaka yanazidi. Ni gurudumu. Ukitaka kuisimamisha, unaweza kuishika popote, lakini inapashwa uishike.

Kwanza tujue tunapigana na nini. Mawe ya Katanga, ile malachite ya kijani na ile heterogenite nyeusi, ikisagwa inakuwa vumbi lembamba sana. Ku usini inawekwa mu asidi sulfuriki. Kisha shaba inaondolewa mu ile maji na dawa iliyochanganywa na mafuta ya jamii ya petroli. Kisha inaenda mu mabakuli makubwa ya umeme, na pale juu ya mabakuli kunapanda umande wa asidi ambao unauma macho, pua na ngozi, na pole pole unakula hata meno. Kila kitu mu ile njia kina kazi yake juu ya mwili. Asidi inachoma. Mafuta ya petroli yanaondoa mafuta ya ngozi, ile Mungu alitupatia, na ngozi ikikosa mafuta yake inapasuka. Na kobalti iko na tabia mbaya zaidi: pamoja na nikeli, iko mu vile vyuma ambavyo mara mingi vinaleta aleji ya ngozi. Mutu anaweza kufanya nayo miaka bila kitu, kisha siku moja mwili unaikatala. Na mwili ukiisha kuikatala, hausahau. Ile aleji inabaki maisha yote. Dawa inatuliza, lakini dawa ya kweli ni kutoigusa tena.

Kuko alama moja ya kujua kama ni kazi inakugonjwesha. Mutu wa kila muji anaweza kuifuata bila mashini: ukienda mu konje wiki mbili ngozi inapona, na ukirudia kazi siku ya tatu ao ya inne inaanza tena. Andika zile tarehe mu kaye. Siku utaonana na munganga, ile kaye itasema kuliko kinywa chako. Yule ndugu yetu, bibi yake ndiye aliyekumbuka kwamba Noeli yote alikuwa muzima.

Sasa ile saa ya kwanza. Tunaiita hivyo, juu tuliona kama mambo mingi yanaharibika ao yanatengenezeka mu ile saa moja ya kutoka posti mpaka kukaa nyumbani. Tulianza kujaribu sisi kumi na mbili, na bibi zetu, mwaka jana mu wakati wa baridi, wakati vumbi na upepo wa mwezi wa sita vinapasua hata midomo ya watoto. Wengine waliacha mu wiki ya kwanza. Tutawaambia vile tulifanya, na pale tulishindwa.

Tulikosa kwanza ku sabuni. Karibu sisi wote tulikuwa tunanawa mikono na unga wa Omo, wengine wanachanganya na muchanga, bamekanisie wananawa na mazutu ao esansi. Inatosha uchafu kweli. Inatosha na ngozi pamoja nao. Omo ilitengenezwa juu ya nguo. Nguo haina damu. Tulijaribu njia ingine: kusugua mikono kwanza na mafuta kidogo ya kula, mafuta yanashika grisi, kufuta na kitambaa, kisha ndiyo kunawa na sabuni ya kuoga ya kawaida, isiyo na harufu nyingi. Bamekanisie walicheka. Mumoja alisema tunataka kumukaanga kama samaki. Leo ni yeye anafundisha wengine, na anakuja na kichupa yake ku kazi.

Maji: ya uvuguvugu, si ya moto. Tunajua vile maji ya moto ni tamu nyuma ya usiku wa baridi, na ngozi inayowashwa inasikia raha sana chini ya maji ya moto. Ni raha ya dakika tano. Nyuma yake inawasha zaidi. Kuoga dakika chache, kusukutua sabuni yote katikati ya vidole na chini ya pete (ao afazali kuvua pete ku kazi, sabuni na vumbi vinajificha pale). Kisha hapana kusugua na taulo kama unasafisha sufuria. Gusa-gusa tu, ngozi ibaki na unyevu kidogo, na hapo hapo paka mafuta. Si nusu saa nyuma. Hapo hapo, juu mafuta yanafunga ile maji ndani. Mafuta gani? Vazelini ya kawaida inatosha. Mafuta ya ngazi inafaa kwa watu mingi, na wazee wetu walijua hii mbele ya duka lolote. Kitu cha bei kikubwa na picha ya mwanamuke wa Ulaya hakipite ile. Kama ngozi imepasuka sana, paka vazelini nyingi usiku, vaa soksi safi za pamba ku mikono, lala nayo. Ndiyo, utaonekana kama mutoto. Nani atakuona?

Miguu tusiisahau. Saa kumi na mbili mu boti, miguu inapikwa. Katikati ya vidole kunakuwa weupe, kunanuka, kunapasuka: ni kuvu. Kukausha vizuri katikati ya vidole, soksi mbili kwa posti moja, boti kuziacha wazi zikauke. Na ma-gants vilevile: mikono iingie mikavu na safi. Gants yenye asidi ndani ni mubaya kuliko mukono bila gants, juu inafunga asidi juu ya ngozi kama plasta. Tuliona watu wanageuza gants iliyotoboka, wanavaa ya kushoto ku kuume ili tundu libaki nyuma. Hii si ujanja, wandugu.

Na hapa tuseme neno juu ya ajali, hata kama si ya saa ya kwanza, juu watu wanakosea kila mara. Asidi ikikumwangikia: maji, maji mingi yenye kutembea, dakika 20 kamili, na nguo kuitoa wakati maji yanaendelea. Hapana mafuta, hapana dawa ya meno, hapana mukojo. Jicho vilevile, huku kope zinafunguliwa na vidole. Dakika 20 ni ndefu sana wakati unaungua, inapashwa mwenzako asimame na saa. Lakini kama ni chokaa ya moto, ile unga mukavu, ondoa kwanza unga na burashi ao kitambaa kikavu, kisha maji mingi. Ukitia maji kidogo juu ya chokaa, inawaka.

Nguo: ile ndiyo iliyotuletea magomvi mu nyumba. Salopeti inapashwa kubaki ku kazi na kufuliwa ku kazi. Pale kompani haina mashini ya kufua, salopeti inaingia mu mufuko wake, inafuliwa peke yake, mu beseni yake, na maji yake hayamwangwi pale watoto wanachezea. Mbele ya kupiga salopeti ku kamba, hapana kuikunguta mu nyumba. Na baba akifika, mutoto anakimbia kumukumbatia; ile ndiyo saa ya furaha kuliko zote, na sisi tunasema: angojee. Baba aoge kwanza. Mwenzetu mumoja alituambia binti yake wa miaka mitatu alilia siku ya kwanza, akazani baba amemukasirikia. Sasa anamuletea baba taulo.

Si woga wa bure. Mu mwaka 2018, wataalamu wa Universite ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, mu Ubelgiji, walichapisha uchunguzi walioufanya mu Kasulo, ku Kolwezi, pale watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta wakaaji wa pale, zaidi sana watoto, wana kobalti mu mukojo na mu damu kuliko watu wa kartie ingine walizopima. Watoto hawachimbe, ni vumbi la nyumba. Na mu 2020 uchunguzi mwingine wa Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema, ulikuta uhusiano na kazi ya baba mu mambo ya madini. Uchunguzi haukusema ni salopeti. Lakini kwetu inatosha juu ya kuacha salopeti inje.

Tuseme pia juu ya mama wanaosafisha mawe mu mito, na wachimbaji wa mukono, bacreuseur. Wao hawana vestieri wala dushi. Mama anasimama mu maji mpaka magoti siku yote, mutoto ku mugongo. Kwake tunasema paka hivi: kabla ya kuingia, paka vazelini nyingi ku miguu na mikono, inasaidia kidogo, ukitoka, osha na maji ya bidon ile umetoka nayo nyumbani, si ya muto, na mutoto abaki na bibi yake ku nyumba kama inawezekana. Tunajua mara mingi haiwezekane.

Sasa krema. Hapa tutasema kwa nguvu, na mama watusamehe. Krema nyingi za kung'arisha zinazouzwa ku soko ziko na vitu vitatu: idrokinoni, mercure, ao dawa ya nguvu ya jamii ya kortizoni, kama clobétasol. Ile ya kortizoni munganga anaweza kuiandika kwa siku chache, juu ya ugonjwa fulani, na ni dawa muzuri pale munganga anaifuata. Ku soko hakuna anayefuata. Inatuliza kuwashwa haraka, ndiyo mutego wake. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, vidonda havifunge, na kama ilikuwa kuvu, inaenea chini yake huku unazani umepona. Idrokinoni na jua havisikilizane: mutu wa karieri anayefanya kazi inje mu jua anapata madoa meusi ku mashavu na ku viungo vya vidole, ambayo hayatoke tena. Mercure inaenda ku figo na ku mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mutoto. Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013 yaliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipodozi vyenye mercure, na wa kuviingiza ao kuvitosha mu inchi, lakini soko haisomi mapatano. Musome kopo: kama hakuna majina ya vitu vilivyo ndani, irudishe. Kama imeandikwa "mercure", "calomel" ao "mercurio", usiinunue.

Na kuko jambo ambalo hatukulitazamia. Bibi ya yule ndugu yetu, tulipomueleza, alinyamaza sana. Kisha alisema: "Mimi nilianza kupaka juu yeye alikuwa harudi nyumbani." Alizani hapendezi tena. Yeye hakurudi mapema juu ya haya ya mikono yake. Mu nyumba moja, watu wawili, kila mutu anaficha ngozi yake kwa mwenzake. Sisi wanaume tuliokuwa pale tuliangalia chini.

Basi tufike ku kichwa. Nyuma ya kuoga na kupaka, kabla ya kula na kabla ya telefone, tulikubaliana kukaa dakika kumi. Kukaa tu. Ku kiti inje, chini ya mwembe, popote. Wa kwanza walisema ni mambo ya wazungu. Lakini wazee wetu walikaa vile kila magaribi, kimya, wanaangalia moto, hakuna aliyeita hii kitu jina. Unakaa, miguu chini, unavuta pumzi polepole ukihesabu inne, unaitoa ukihesabu sita. Kutoa kuwe ndefu kuliko kuvuta. Ile ndiyo inaambia moyo kwamba hatari imeisha. Kichwa itaenda ku deni, ku minerval ya watoto, ku neno la shefu. Ikienda, usiigombeze, rudia ku pumzi. Ao anza na mikono: wakati unapaka mafuta, paka kidole kimoja kimoja, angalia kila kidole. Mwenzetu mumoja asiyependa kukaa alisema ile ya vidole inamufaa zaidi, na kwamba mu miaka 19 ya kazi hakuwa amewahi kuangalia mikono yake paka siku ya ajali.

Kisha usingizi. Mutu wa posti ya usiku analala muchana, na muchana wa kwetu uko na jenereta, redio ya jirani, kanisa, watoto. Tulichojaribu: kitenge cheusi ao blanketi ku dirisha, pamba mu masikio, na familia yote kujua zile saa. Tuliandika saa ku mulango na chaki. Chai na kafe tuliziacha mu nusu ya pili ya posti. Na pombe: tunajua tunaongea na nani, sisi pia tunakunywa Simba. Lutuku inakulalisha haraka, ni kweli. Kisha inakuamusha mu saa mbili ao tatu, moyo unapiga, kinywa kikavu, na huwezi kulala tena. Ile si usingizi, ni kuanguka. Nyuma ya posti, munkoyo ao maji, chakula kidogo, kulala. Kama unataka bia, iwe siku ya repo na ukiisha kulala. Mu hii sheria tulishindwa mara mingi kuliko mu zingine zote.

Lakini kuko mashaka ambayo pumzi na vazelini havitoshe. Kama mwenzako mu wiki mbili halali, hataki kula, anapiga watoto ambao hakuwa anapiga, anakaa peke yake mu vestieri, ao tangu ile ajali aliyoona anaogopa kushuka, hapana kumuambia "kuwa mwanaume". Muulize, kisha funga kinywa usikie. Na kama anasema afazali kufa, usimuache peke yake hata ile usiku moja. Ita ndugu yake, umupeleke kwa munganga. Mu Lubumbashi kuko sentre ya magonjwa ya kichwa, Joseph Guislain, ya Bafrère de la Charité. Kuenda kule si laana, na wala si uchawi. Mutu anaenda vile anaenda juu ya malaria.

Sasa kompani. Mu mukutano moja, mukubwa wa usalama wa mahali moja alituambia: "Kama wafanyakazi wangenawa vizuri, hakungekuwa ngozi mbaya." Tulimuuliza dushi ngapi zinafanya kazi mu vestieri. Zilikuwa kumi na sita ku ukuta. Maji yalikuwa mu tatu. Watu mia na zaidi, basi inaondoka mu dakika 25. Hapo ndipo tulielewa kwamba hii maneno ya kujichunga iko na pande mbili, na inapashwa tuishike vizuri, isije ikageuzwa fimbo ya kutupigia. Kunawa ni kwetu. Maji ni kwao. Kupaka mafuta ni kwetu. Gants nzima, cache-nez ya kweli, mashini ya kunyonya vumbi pale mifuko inajazwa, dushi ya haraka karibu na asidi, hiyo ni kwao, na si zawadi. Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inamupatia mwenye kazi muzigo wa kuchunga afya na usalama wa wanakazi, na inaleta Comité ya sécurité, hygiène na embellissement, ambamo sisi pia tunakaa. Ile komite tumeiacha ikuwe ya kupanda maua. Ulizeni delege wenu mara ya mwisho ilikutana lini.

Na mutu mwenye aleji ya kobalti, dawa yake ni kuhamishwa mahali, si kufukuzwa. Ombeni munganga aandike kwamba ugonjwa unatoka ku kazi. Bila ile karatasi, CNSS (ile tuliita INSS) haina kitu cha kushika. Wa sous-traitance vilevile. Kuficha hakulinde kontra. Yule ndugu alificha, na kontra karibu iishe na yeye mwenyewe juu ya ile ngazi.

Amehamishwa. Ilichukua miezi mitano, barua inne, na munganga mumoja ambaye alikubali kusoma kaye ya tarehe. Leo iko ku magazini ya vipuri. Prime ya usini ilipotea, na ile bado tunaigombea. Bibi yake anauza makala juu ya kuziba tundu. Ngozi inarudi polepole, munganga alimuambia itachukua muda mrefu kuliko alivyoiharibu. Krema imeisha ku nyumba, wote wawili. Lutuku, anatuambia "karibu".

Dushi zinazofanya kazi sasa ni tisa. Mwezi wa sita unakaribia, na vumbi lake. Mukutano wa komite ni juma ya pili, na tumeomba kila kikundi cha kazi kilete hesabu: dushi ngapi, maji saa ngapi, ma-gants kwa mutu mumoja mu mwezi. Mutu aje na mikono yake pia, inje ya mifuko.